Jane Lumley na daftari lake la Kigiriki

Katika Maktaba ya Uingereza jijini London limehifadhiwa daftari lililoandikwa kwa mkono na mwanamke wa karne ya 16. Jina lake Jane Lumley, aliyezaliwa mwaka 1537. Baba yake, Henry FitzAlan wa Arundel, alikuwa miongoni mwa makabaila wenye nguvu zaidi nchini.

Wakati huo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikupokea wanawake. Msichana alisoma nyumbani, baba akitaka. Arundel alitaka, na vitabu alikuwa navyo: Askofu Mkuu Thomas Cranmer alipoanguka madarakani mwaka 1553, vingi vya vitabu vyake viliishia mikononi mwa Arundel.

Ndani ya daftari mna barua za Kilatini alizomwandikia baba yake, na hotuba za Isokrate, mwalimu wa ufasaha wa Ugiriki ya kale, alizozitoa katika Kigiriki na kuzitia katika Kilatini. Kisha inakuja tamthilia ya Euripide, mtunzi wa Ugiriki ya kale, kuhusu Ifigenia, kwa Kiingereza cha nathari. Hakuna tafsiri ya Kiingereza ya Euripide inayojulikana iliyotangulia hiyo.

Wapo wataalamu walioipuuza, wakisema ni zoezi la mwanafunzi aliyeegemea tafsiri ya Kilatini ya mwanazuoni Erasmus. Mimi sikubaliani nao. Ni kweli aliitumia, lakini aliziacha karibu nyimbo zote za kiitikio, yaani za kundi la waimbaji jukwaani, akabakiza mabishano ya baba, mama na binti. Hapo naona mtu anayejua anachokitafuta.

Tukumbuke kisa chenyewe. Majeshi ya Wagiriki yamekwama pwani kwa kukosa upepo. Mfalme wao Agamemnoni anaambiwa amtoe binti yake Ifigenia kafara ndipo merikebu zing'oe nanga. Anamwita kwa hila, akimdanganya kwamba anakuja kuozwa.

Sasa itazame nyumba ya Jane. Mwezi Julai 1553, Lady Jane Grey, binti wa mjomba wake, alisimikwa malkia na wakubwa waliokuwa na mipango yao. Arundel alikuwa pamoja nao, kisha akageuka na kumtangaza Mary, binti wa Mfalme Henry VIII, kuwa malkia. Enzi ya yule binti ilidumu siku 9. Februari 1554 akakatwa kichwa, hajatimiza miaka 18. Jane Lumley hakuacha neno lolote kuhusu msiba huo. Hata hivyo, kila nikifikia mahali Ifigenia anapomsihi baba yake, siwezi kuusahau.

Jane Lumley alijaliwa watoto watatu, wote wakafa wachanga. Yeye alifariki mwaka 1578, akazikwa Cheam, Surrey, na sanamu za watoto hao zimechongwa kwenye kaburi lake. Mumewe, John Lumley, alikufa mwaka 1609 na maktaba yake ikaingia katika hazina ya vitabu ya ufalme, ambayo mwaka 1757 ilikabidhiwa Makumbusho ya Uingereza. Daftari lilipitia njia hiyo hadi kufika Maktaba ya Uingereza. Tafsiri ya Jane ya tamthilia ile ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1909.