Ustaarabu: nani anampima nani?

Mtu akikuambia "tuyamalize haya kistaarabu", huhitaji kamusi. Anataka mmalizane bila ngumi, bila matusi, bila kupelekana polisi. Dereva anayesimama ili mama mwenye mzigo avuke ni mstaarabu. Anayeruka foleni benki huambiwa aache ushenzi. Kwa mtu mmoja mmoja neno hili halitusumbui. Linaanza kuleta shida pale tunapolivisha nchi nzima. Uliza kijiweni ni nchi gani imestaarabika, utatajiwa zile zenye barabara za njia nane, treni zisizochelewa na maduka yenye viyoyozi. Ni nadra mtu kukutajia namna askari wa huko anavyosema na muuza mahindi ya kuchoma.

Tuanze na neno lenyewe, maana lina yake. Ustaarabu umetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufuata mwenendo wa Waarabu, au kujifanya Mwarabu. Pwani yetu lilipata nguvu katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said, sultani wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Kabla ya hapo Lamu, Pate na Mombasa zilijivunia neno jingine: uungwana. Muungwana alikuwa mtu huru wa mji, mwenye nasaba inayojulikana, akiweza na nyumba ya mawe, na ulimi usioropoka. Neno lilipobadilika, kipimo nacho kilihama. Uungwana mtu aliupata kwa watu wa mji wake. Ustaarabu aliupata kwa kufanana na mtawala aliyekuja na majahazi.

Sisemi hivyo ili kuusafisha uungwana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Alimsifu pia sultani wake, al-Hasan, kwa ukarimu. Anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua na kumpa. Mtoto wa sultani akazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa 10. Sultani alipoona watu wamefurahishwa na jambo hilo, akamwongezea fakiri watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki kimesimuliwa kama sifa, na kwa mwombaji kweli kilikuwa ukarimu. Lakini humo humo ndani mna watu 20 waliogawiwa kama nguo, na hakuna aliyewauliza wao wanamwonaje sultani.

Mtumwa wa pwani hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia kama bwana wake. Uungwana ulihitaji mtu wa chini ili uonekane.

Mfano wa Unguja uko wazi zaidi. Sultani Barghash, huyo huyo aliyewaletea watu wa mjini maji ya bomba, alijenga Beit al-Ajaib, yaani jumba la maajabu, mwaka 1883. Ni jumba refu la nguzo za chuma, lililokuja kuwa la kwanza kisiwani kuwekewa umeme. Soko la watumwa lilikuwa limeshafungwa miaka 10 kabla, 1873, tena kwa shinikizo la manowari za Waingereza. Utumwa wenyewe, hata hivyo, uliendelea kuwa halali hadi 1897. Kwa hiyo kwa miaka 14 jumba la maajabu lilitazama bahari, na huko mashambani karafuu zilichumwa na watu wasiojimiliki. Mgeni aliyeshuka bandarini angesema hapa pamestaarabika. Mchuma karafuu hakuulizwa.

Wazungu nao walikuwa na neno lao, civilisation, lenye mzizi wa Kilatini unaomaanisha raia. (Neno letu "raia" limetoka kwenye neno la Kiarabu la kundi linalochungwa, kama mbuzi. Nalisema tu kama chumvi.) Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 madola yaliandika kwamba yatawafanya wenyeji wa Afrika waone faida za ustaarabu. Mwaka huo huo wa 1885 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akakabidhiwa Kongo kama mali yake binafsi, akakaa nayo hadi 1908. Ni wakati wa kugema mpira, viboko na mikono iliyokatwa. Na baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ambamo mataifa hayo yalichinjana kwa mamilioni, mkataba wa Shirikisho la Mataifa ukasema kuwaangalia watu wasioweza bado kusimama wenyewe ni amana takatifu ya ustaarabu. Kwa amana hiyo Tanganyika ikapewa Uingereza, na Ruanda-Urundi ikapewa Ubelgiji.

Ila kilichonifunza zaidi maana ya neno hili ni jambo dogo kuliko hayo yote. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika aliyesoma aliitwa evolue, yaani aliyekwisha kupanda ngazi. Kuanzia 1948 aliweza kuomba kadi ya sifa njema za kiraia, na kuanzia 1952 akaweza kuomba hadhi ya juu zaidi, iliyomkaribisha na Mzungu mbele ya sheria. Ili aipate, wakaguzi walikuja nyumbani kwake. Walitazama kama familia inakula mezani kwa uma na kisu, watoto wanalala vipi, choo kikoje, mke anazungumza nini. Waliofuzu walikuwa wachache sana. Patrice Lumumba mwenyewe aliomba, akakataliwa, kisha akakubaliwa mwaka 1954. Miaka sita baadaye akawa waziri mkuu wa nchi ile.

Hebu mfikirie mkaguzi yule amesimama jikoni kwa mtu, anafungua kabati na kuhesabu vijiko. Hapo ndipo ilipo kasoro ya matumizi yote ya neno hili niliyoyataja. Aliye juu ndiye anayetunga mtihani, yeye ndiye anayesahihisha, na yeye mwenyewe haufanyi. Mimi naona ustaarabu wa nchi unajulikana mtihani ukigeuzwa, yaani mkaguzi akawa ni yule aliye chini: mahabusu, mgeni asiyejua lugha, mjane anayedai shamba la marehemu mumewe, mgonjwa asiye na wa kumpigia simu huko wizarani. Wao ndio wafungue kabati la serikali.

Maneno mawili huchanganywa na hili. Maendeleo ni jambo jingine: umri wa kuishi, shule, kipato. Hayo Umoja wa Mataifa umekuwa ukiyapangia nchi kwa namba tangu 1990, na ni mambo ya maana. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma si ya kubezwa. Utamaduni nao ni namna watu wanavyoishi, na kila watu wanao, hivyo hakuna nchi isiyo na utamaduni. Ustaarabu kwa maana ninayoitetea uko karibu zaidi na neno ambalo hatukulikopa kwa mtu: utu.

Na utu umeshawahi kuingia mahakamani kwa jina lake. Tarehe 6 Juni 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyokuwa changa kabisa, ilitoa hukumu kuhusu adhabu ya kifo. Walioiomba mahakama walikuwa wanaume wawili waliopatikana na hatia ya mauaji. Hawakuwa watu wa kuonewa huruma mitaani. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, alikubali kwamba huenda wananchi wengi wanataka wauaji wanyongwe. Hata hivyo majaji wote 11 waliifuta adhabu hiyo kwa mauaji, na kadhaa wao wakaeleza sababu zao kwa neno ubuntu, ambalo ni ndugu wa utu wetu. Hoja ya Chaskalson ilikuwa kwamba haki za kila mmoja zitakuwa salama pale tu tunapokuwa tayari kuwalinda walio wabaya kuliko wote na walio dhaifu kuliko wote. Hapo ndipo uzito ulipo. Kumlinda dhaifu kila mtu atakupigia makofi. Mbaya ndiye anayekupima.

Kwetu mjadala huo umekwenda taratibu. Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2017, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha mwaka 2019, ziliikataa sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kutazama mazingira ya kosa. Hazikusema adhabu ya kifo ifutwe. Zilichosema ni kwamba mtu asikilizwe kwanza.

Wahenga wetu walituachia semi mbili zinazogombana. Moja ni "mnyonge hana haki", inayoeleza mambo yalivyo. Nyingine ni "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni". Hii ya pili tunaitumia kwa wepesi, mara nyingi kumsifu mpinzani wa mpira, lakini ni kanuni nzito ya sheria. Nchi nyingi huishi katikati ya semi hizi mbili, na siku hiyo hiyo huishi upande huu asubuhi na upande ule jioni, kutegemea nani amefika kaunta.

Niliwahi kufika kaunta ya namna hiyo, katika kituo kimoja cha polisi, kuripoti simu iliyopotea. Nilikuwa nimetoka kazini, shati limepigwa pasi. Mbele yangu palikuwa na kijana wa mkaa, vumbi jeusi hadi kwenye kope, anaeleza kwamba baiskeli yake imechukuliwa na mtu anayemjua kwa jina. Askari alimsikiliza akiwa anaangalia kalenda ukutani. Aliponiona nyuma akanyanyua uso, akatabasamu, akasema, "Karibu mzee, nikusaidie nini?" Kijana akasogea pembeni bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea. Mimi nikapita, nikaandikisha simu yangu, nikapewa karatasi yenye mhuri, nikashukuru. Nilipokuwa natoka alikuwa bado amesimama pale pale, kofia mkononi.