Muuguzi Naye Huumia: Uchovu wa Kihisia kwa Wanaohudumia Watu

Waulize wauguzi, wakunga au maofisa ustawi wa jamii wa jiji hili la Dar es Salaam habari za kazi. Wengi watakujibu, "Tunavumilia." Wanasema kweli, na wasiwasi wetu sisi wa huduma za afya ya akili unaanzia hapo hapo.

Chukulia mkunga wa zamu ya usiku. Saa kumi alfajiri mtoto anazaliwa, halii. Anahangaika kumsaidia apumue, inashindikana. Anamfunika kwa khanga, anampa mama pole, anajaza faili. Hata hajamaliza kunawa, anaitwa kitanda cha jirani: "Sista, mtoto anakuja!" Anaenda, tena kwa uso mkunjufu. Asubuhi anakabidhi zamu: vitanda, dripu, dawa, waliojifungua. Lililompata yeye halina mahali kwenye kitabu cha ripoti. Anapanda nalo daladala la Mbagala, na mchana mwanawe akimwaga chai anafokewa kupita kosa lenyewe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii ni hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Chanzo chake ni msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Hujionyesha kwa kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona hufanyi la maana. Hilo la kujitenga ndilo hujificha zaidi. Kusema "yule wa kitanda namba nane" si dalili. Wodi ikifurika kila mtu husema hivyo. Dalili ni pale ndugu wa marehemu wanapolia nawe unaona wanakuchelewesha tu.

Semina za kujitunza zina faida, lakini semina haiongezi muuguzi kwenye zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Msimamizi anayemwomba yule yule "asaidie kidogo" kila mwenzake asipofika anamchosha mtu ambaye kesho atamhitaji.

Lisilo na gharama ni dakika kumi baada ya tukio zito. Walioshiriki wakae pembeni, kila mmoja aseme alichokiona na kinachomkera moyoni. Kikao hiki kisichanganywe na kile cha mapitio ya vifo, ambacho hutafuta sababu za kitabibu. Mtu akihisi anahojiwa, atanyamaza. Wala msihamishie mazungumzo hayo kwenye kundi la WhatsApp: siri ya mgonjwa haina kundi.

Kwa anayetoka zamu ya usiku, usingizi ndio wa kwanza kulindwa. Aache kahawa saa kadhaa kabla ya kutoka, alale chumba chenye giza, na nyumbani wajue kwamba kulala mchana si uvivu. Pombe ya "kupata usingizi" huuharibu usingizi wenyewe.

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukizidi wiki mbili, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Muhimbili wapo, na hospitali za rufaa za mkoa ni pa kuanzia. Ukiona haya kukutana na wenzako, nenda kituo kingine. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri hizo wiki mbili. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza.