Barafu Kidogo kwenye Bawa la Ndege

Abiria wengi wakisikia kwamba barafu imeganda kwenye mabawa ya ndege, hudhani kuwa hatari iko katika uzito. Uzito huongezeka kweli, lakini kinachoiponza ndege zaidi ni kuharibika kwa umbo la bawa.

Bawa huinua ndege pale hewa inapopita juu ya mgongo wake uliopinda bila kubanduka. Pua ya ndege inapoinuliwa, bawa huikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi na kani ya kuinua huongezeka, mpaka kufikia kikomo ambapo hewa hubanduka na kani hiyo huporomoka. Barafu yenye mkwaruzo mfano wa msasa, ikitanda kwenye ukingo wa mbele na mgongo wa bawa, yaweza kupunguza kani ya kuinua kwa hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Baya zaidi, kikomo chenyewe hufikiwa mapema, hivyo mitambo ya tahadhari iliyopangwa kwa bawa safi yaweza kuchelewa kumwonya rubani.

Tarehe 31 Oktoba 1994, ndege ya panga boi aina ya ATR 72, ikitoka Indianapolis kwenda Chicago, iliamriwa kuzunguka angani ikisubiri zamu ya kutua. Mawinguni mlikuwa na matone makubwa ya maji yaliyopoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Matone madogo huganda papo hapo kwenye ukingo wa mbele, ambako mifuko ya mpira hujazwa hewa ili kuivunja barafu. Haya makubwa yalitiririka na kuganda nyuma ya mifuko hiyo, yakajenga tuta mbele ya aileroni, yaani vibamba vinavyoilaza ndege upande. Mfumo wa kujiendesha ulikuwa ukiishika ndege, kwa hiyo marubani hawakuihisi hali hiyo mikononi mwao. Flapu, yaani vibamba vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoteremshwa ili kuongeza kani ya kuinua, ziliporudishwa ndani, pembe ya bawa iliongezeka, hewa ikabanduka, aileroni ikavutwa kwa nguvu na ndege ikabiringika. Ilianguka Roselawn, Indiana, na watu wote 68 waliokuwamo walikufa.

Jambo hili si la nchi za baridi pekee. Katika tropiki, nyuzi 0 hufikiwa kwenye kimo cha takriban mita 5,000, chini ya kilele cha Kilimanjaro, na ndege za panga boi hupita humo.

Baada ya ajali ile, mifuko ya mpira ya ATR ilipanuliwa kuelekea nyuma. Marubani nao walielekezwa kwamba wakikutana na barafu kali waondoke eneo hilo mara moja, wazime mfumo wa kujiendesha huku wakiushika usukani imara, na kama flapu zilikuwa zimeteremshwa, wasizirudishe mpaka ndege iwe haina barafu.