Kupe wa mbwa: kwa nini hurudi hata baada ya mbwa kuogeshwa dawa?

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaofuga mbwa wa ulinzi jijini Dar es Salaam, na yanamhusu kupe wa kahawia, ambaye kitaalamu huitwa Rhipicephalus sanguineus.

Swali: Juu ya mbwa wangu nimeona wadudu wa namna mbili, wadogo wa kahawia na wakubwa wa kijivu. Je, ni aina mbili tofauti?

Hapana, ni aina moja. Yule mkubwa ni jike aliyeshiba damu, ambaye huvimba hadi kufikia takribani milimita 12 na kubadilika rangi, na ukimweka kiganjani unaweza kudhani ni punje ya nyonyo. Dume hawezi kuvimba hivyo kwa sababu ngao ngumu imemfunika mgongo mzima, ilhali ngao ya jike hufunika sehemu ndogo tu nyuma ya kichwa, na ngozi iliyobaki hutanuka kadiri anavyonyonya.

Swali: Kupe na papasi wana tofauti gani?

Wote ni jamaa wa buibui na nge, na wakikomaa wana miguu minane. Papasi ana ngozi laini, hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, huuma usiku kwa muda mfupi na hueneza homa ya papasi. Kupe wa mbwa hung'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa.

Swali: Nimemwogesha mbwa kwa dawa na kupe wakaisha, lakini baada ya wiki chache wamerudi. Dawa ni mbovu?

Huenda dawa haina kosa lolote. Kupe huyu hupanda juu ya mbwa mara tatu katika maisha yake, na kila akishiba hudondoka na kujificha. Jike aliyeshiba hutafuta ufa, hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000 au zaidi, kisha hufa. Mayai hutoa vitoto vyenye miguu sita, vidogo kiasi kwamba mtu huvidhania kuwa vumbi. Hivyo hunyonya kwa siku chache, hudondoka, hujivua ngozi na kupata miguu minane, kisha hurudi kwa mbwa, hudondoka tena na kujivua ngozi kwa mara ya mwisho kabla ya kukomaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha bandani, barazani na ndani ya nyumba, mahali ambapo maji ya kuogeshea hayafiki.

Kupe wengi huhitaji nyasi na unyevunyevu, lakini huyu huvumilia ukavu wa ndani ya nyumba, na ana tabia ya kupanda juu, ndiyo maana hukutwa kwenye fremu za madirisha, kwenye lipu iliyopasuka na hata darini. Katika joto kama la Dar es Salaam mzunguko wake unaweza kukamilika kwa muda unaozidi kidogo miezi miwili, na aliyekomaa anaweza kukaa na njaa kwa zaidi ya mwaka. Mpangaji anayehamia na mbwa katika nyumba iliyokaa tupu asishangae akikuta kupe.

Swali: Huhama vipi kutoka nyumba moja hadi nyingine?

Hana mabawa wala haruki, hubebwa. Mbwa koko anayepenya getini, mtoto wa mbwa aliyenunuliwa juzi, au blanketi lililotoka kwenye banda la jirani vyatosha kumleta.

Swali: Je, ni hatari?

Kwa mbwa, ndiyo. Hueneza vimelea vya Ehrlichia canis, ambavyo huleta homa, kukosa hamu ya kula na wakati mwingine kutokwa damu puani, pamoja na vimelea vya Babesia vinavyoharibu chembe nyekundu za damu. Binadamu huumwa mara chache, hasa kupe wanapokuwa wengi, lakini katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania na katika sehemu za Marekani na Mexico kupe huyu hueneza homa kali za bakteria wa Rickettsia. Mtu aliyeumwa na kupe kisha akapata homa amweleze daktari jambo hilo, hata kama kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu.

Swali: Nifanye nini?

Aliyekwisha kung'ang'ania mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota; usimchome moto wala kummwagia mafuta ya taa, na usimpasue kwa vidole. Wakague mbwa masikioni na katikati ya vidole. Mbwa wote wa uani watibiwe siku moja, na siku hiyohiyo banda lifagiliwe, taka zichomwe, na nyufa zizibwe kwa saruji baada ya kupuliziwa dawa. Tiba irudiwe kwa miezi kadhaa, kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Mazoea ya kukadiria kwa macho dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ikizidi humdhuru mbwa, hasa mtoto wa mbwa. Kama kuna paka nyumbani, mwulize daktari kwanza, kwa maana permethrin, dawa ya kuua kupe inayomfaa mbwa, inaweza kumwua paka.