Amri ni tarishi tu: dhana potofu kuhusu kufungua faili kwenye kihariri kilicho wazi

Kihariri, yaani programu ya kuandikia na kurekebisha faili za maandishi, kiko wazi tangu asubuhi, kimejaa faili unazozishughulikia. Uko kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, unagundua mstari mmoja unaotaka kurekebishwa, unaandika jina la kihariri na la faili, unabonyeza Enter. Linachomoza dirisha jipya lisilojua lolote kuhusu lile la kwanza. Wengi wamezoea adha hii na kuiona ndiyo kawaida.

"Kila ukiita kihariri kutoka terminali, lazima kianze kingine upya."

Inategemea kihariri. VS Code, Sublime Text na gedit kwa kawaida huangalia kwanza kama mwenzao yuko kazini. Wakimkuta, amri uliyoandika inageuka tarishi: inampa jina la faili kisha inajiondokea. Emacs na Vim hawana tabia hiyo mpaka waambiwe. Kwa Emacs unaendesha `M-x server-start` (Alt na x, kisha jina la amri) ndani ya kihariri, halafu terminalini unatumia `emacsclient` badala ya `emacs`. Tangu toleo la 23, lililotoka mwaka 2009, unaweza pia kukianzisha nyuma ya pazia kwa `emacs --daemon`. Mimi hupenda `emacsclient -c -a ""`: kama hakuna Emacs inayosubiri, inaianzisha yenyewe, nami sihitaji kukumbuka kama niliiwasha au la.

Vim ina `--remote`, chaguo la kutuma faili kwa Vim iliyo wazi, na hapo ndipo watu hukwama. Wanadhani chaguo hilo lipo kwenye kila Vim. Andika `vim --version` utazame: ukiona `+clientserver` uko salama, ukiona `-clientserver` Vim yako ilijengwa bila uwezo huo. Hata ukiwepo, kwenye Linux kwa desturi ujumbe hupitia X11, mfumo unaochora madirisha, kwa hiyo ukiingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH (njia ya kuitumia kutoka terminali yako) bila X11, usishangae ujumbe usipofika. Neovim, toleo jipya lililotokana na Vim, ilichukua njia nyingine ya soketi, faili maalumu ambayo programu hupitishia ujumbe: unaanza na `nvim --listen /tmp/nvim.sock`, na kutoka terminali nyingine unatuma `nvim --server /tmp/nvim.sock --remote faili.txt`.

"Terminali ikirudi, kazi imekwisha."

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa sababu haionekani kuwa kosa. Tuseme umeiambia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, itumie `code` (amri ya VS Code) kama kihariri. Unaandika `git commit` ili kurekodi mabadiliko, kichupo kinafunguka, unaanza kutunga ujumbe mzuri wa mistari mitatu, unahifadhi. Ukirudi terminalini unakuta: `Aborting commit due to empty commit message.` Ujumbe mtupu? Si umeuandika sasa hivi!

Kilichotokea ni kwamba Git haikukungojea wewe, ilingojea amri. Tarishi alifikisha jina la faili na kuondoka papo hapo. Git ikasoma faili, ikakuta maelezo yake yenyewe tu yanayoanza na alama ya reli (`#`), ikaghairi. Wewe ulikuwa bado unatunga sentensi ya kwanza.

Dawa ni kumwambia tarishi asubiri mlangoni: `code --wait`, `subl -w`, `gedit --wait`. Na hapa kuna jambo la kuangalia: kwa VS Code, kinachomwachilia ni kufunga faili. Kuhifadhi peke yake hakutoshi, na terminali inayoonekana kuganda mara nyingi inasubiri tu ufunge kichupo. `emacsclient` iko kinyume na wenzake. Yenyewe husubiri bila kuombwa, na unapomaliza unabonyeza `C-x #` (Ctrl na x, kisha #). Usipotaka isubiri ndipo unaongeza `-n`. Kwa hiyo `-n` inafaa kwa kazi zako za kila siku, lakini usiiweke kamwe kwenye `EDITOR`, mpangilio unaoziambia programu nyingine zikufungulie kihariri gani.

"Kihariri kilianzia folda nyingine, kwa hiyo lazima niandike njia kamili ya faili."

Hapana. Tarishi hubeba pia folda aliyoitiwa, kwa hiyo `emacsclient ../maelezo.txt` hufungua faili unayoikusudia. Namba ya mstari nayo hupita: `emacsclient +42 faili`, `code -g faili:42`, `subl faili:42`.

"Seva" inatisha watu. Wanasikia neno hilo wanafikiri kihariri kimefungua mlango kwenye mtandao. Kwenye Linux, seva ya Emacs kwa kawaida ni soketi ya ndani ya mashine, mfano `/run/user/1000/emacs/server`, kwenye folda ambayo watumiaji wengine wa kawaida hawaingii. Mtandao unahusika ukiwasha `server-use-tcp` mwenyewe, na hapo pia hutumika faili yenye ufunguo. Ila soketi hiyo usiichezee: kwa `emacsclient -e` anayeifikia anaweza kuendesha msimbo wowote wa Lisp, lugha ya Emacs, kwa jina lako.

"Nikitanguliza `sudo`, nitahariri faili ya mfumo."

Anayepewa `sudo`, amri ya kuazima mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), ni tarishi. Kihariri chenyewe kinaendelea kuwa chako, chenye ruhusa zako zilezile, na kuna uwezekano mkubwa tarishi aliyevaa joho la root asiione hata soketi yako, kwa kuwa anaitafuta kwenye folda za root. Njia sahihi ni `sudoedit /etc/hosts`. Inatengeneza nakala ya muda, inakuachia uihariri kwa ruhusa zako, kisha inairudisha mahali pake. Lakini nayo inamsikiliza tarishi tu. Mwenye `-n` kwenye `EDITOR` ataambiwa faili haikubadilika, na nakala ya muda itakuwa imeshafutwa huku yeye bado anaihariri.