Doa la buluu si ushahidi kwamba maji yamepanda

Wiki hii nimeletewa tena ramani ya joto la bahari iliyopimwa na setelaiti, ambamo buluu ni baridi. Doa la buluu limezungushiwa duara, na maneno ni yale yale: "Tazama maji ya chini yanavyopanda." Nikafungua picha ya saa 12 baadaye. Doa lilikuwa limehama kilomita 200. Hakuna mkondo wa bahari unaokwenda kasi hiyo. Lile lilikuwa wingu jembamba lililopenya kwenye mchujo wa kuondoa mawingu, na kwa kuwa wingu ni baridi, pikseli zikasoma bahari baridi.

Kipimo cha infraredi huona ngozi tu ya bahari, unene wa kama sehemu ya mia ya milimita. Kilichoko chini ya ngozi hiyo ni tafsiri yetu.

Sasa tuseme mawingu hayapo na baridi ni ya kweli. Bado hujathibitisha kwamba maji yamepanda hapo unapoona buluu. Hili ndilo linaloniudhi. Chukua pwani ya Somalia wakati wa kusi. Upepo unavuma sambamba na pwani, haupulizi kutoka nchi kavu kama wengi wanavyodhani. Kaskazini mwa ikweta maji ya juu husukumwa upande wa kulia wa upepo, jambo ambalo Ekman, mwanasayansi wa bahari wa Sweden, alilieleza kwa hesabu mwaka 1905. Basi yanaiacha pwani, na ya chini yanapanda kujaza nafasi. Hayatoki sakafu ya bahari; mengi hutoka mita 100 au 200 hivi. Karibu na Ras Hafun, kaskazini-mashariki mwa Somalia, joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20.

Lakini hapo jirani kuna mzunguko mkubwa wa maji ya vuguvugu, kipenyo chake kilomita 500 hivi, unaozunguka kufuata mshale wa saa. Unayakamata yale maji baridi na kuyavuta baharini kama utepe mrefu. Mtu anaona utepe ule mbali na nchi kavu na kutangaza kwamba maji yanapanda pale. Yalipanda pwani! Pale yamepelekwa.

Mizunguko ya maji baridi nayo watu huikosea. Inapoundwa huinua maji ya chini kweli, na uso wa bahari katikati hubonyea sentimita 10, 20, pengine zaidi. Rada za kupima kimo zimekuwa zikiyaona mabonde hayo vizuri tangu setelaiti ya TOPEX/Poseidon, 1992. Ila mzunguko ukishakomaa, kwa sehemu kubwa huwa unasafiri na maji yake. Usiufikirie kama pampu isiyozimwa. Na jua kali likipasha tabaka la juu, unaweza usionekane kabisa kwenye ramani ya joto, huku bonde lake lipo pale pale.

Mipaka ya mikondo nisiifiche: vitabu huichora kama mstari mmoja safi. Mimi nikilegeza kigezo cha tofauti ya joto inayohesabika kuwa mpaka, na mwenzangu akikikaza, tutatoa mistari miwili tofauti kwenye picha moja, na sote tutakuwa na hoja.

Kwa hiyo ukiniletea doa jingine, niletee pia picha ya jana yake, ramani ya kimo cha bahari, na upepo wa siku tano zilizotangulia.