"Mjini ndiko kwenye pesa" na dhana nyingine zinazofilisi biashara

Wiki hii nimeisikia mara ya tatu: "Mjini ndiko kwenye pesa." Safari hii ni mteja aliyekuja kuniaga, anafunga duka la kijijini ahamie mjini. Nikamwomba daftari. Lina safu moja tu, ya mauzo. Gharama ya bidhaa haimo, nauli haimo, wala alichochota dukani kwa matumizi ya nyumbani. Sasa amejuaje kuwa kijiji ndicho kinachomwangusha?

Mjini wateja ni wengi, sikatai. Wasambazaji na mafundi wako karibu, na ujuzi huenea upesi biashara zinapokaa pamoja. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alilieleza hilo tangu 1890. Lakini wingi huohuo hupandisha kodi ya pango na kukuletea washindani mlango kwa mlango. Unaweza kuuza maradufu ukabakiwa na kilekile, au pungufu. Naomba sana watu wapige hesabu hii kabla ya kufunga virago.

Tena mara nyingi kijijini kinachokosekana ni habari za soko. Pwani ya Kerala, India, wavuvi walikuwa wakitupa samaki ufukwe mmoja kwa kukosa wanunuzi, huku ufukwe wa jirani wanunuzi wakiondoka mikono mitupu. Kuanzia 1997 simu za mkononi zikaingia, wakawa wanauliza bei wakiwa bado baharini ndipo waamue watie nanga wapi. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti wake wa 2007, alikuta faida yao imepanda kwa wastani wa asilimia 8 na bei kwa walaji imeshuka kwa asilimia 4. Wote wawili walinufaika, na hapakuwa na haja ya kuhamia mjini.

"Nikipata mtaji tu, nimetoka." Tafiti 6 za mikopo midogo katika nchi 6, Ethiopia na Moroko zikiwemo, zilichapishwa pamoja 2015. Mikopo ilisaidia kiasi. Kuyageuza maisha ya wakopaji, haikuweza. Biashara inayovuja, mkopo nao utavuja humohumo.

"Umri umenipita." Marekani, waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote, yaani 1 katika kila kampuni mpya 1,000, walikuwa na wastani wa miaka 45 walipoanza.

Mteja wangu nimemchorea safu nne: mauzo, gharama ya bidhaa, matumizi ya duka, alichochukua mwenyewe. Azijaze kila jioni kwa siku 90, kisha tukae tena tuzungumze habari ya kuhama.